Mgeni aliyeiondoa hamira ya mikate: kisa cha PE-2 katika matangi ya ethanoli ya Brazili

Hadi miaka ya 1980, viwanda vingi vya ethanoli katika jimbo la São Paulo, Brazili, vilianza msimu wa miwa kwa kumimina tangini tani kadhaa za hamira ya mikate. Ilipatikana kwa urahisi, na siku za mwanzo ilichapa kazi bila lawama. Ikadhaniwa kwamba hamira hiyohiyo ndiyo iliyoendelea kugeuza sukari kuwa pombe hadi msimu kufungwa, miezi saba au nane baadaye. Kumbe sivyo. Watafiti wa Piracicaba walipoanza kukagua kromosomu za hamira zilizochotwa matangini, mnamo mwanzo wa miaka ya 1990, waliona kwamba hamira ya mikate ilikuwa ikifutika ndani ya wiki chache tu. Hata mbegu, yaani aina za hamira, zilizoteuliwa maabara kwa uwezo wa kuchachua hazikufika mbali. Waliobaki kazini walikuwa wageni: hamira pori zilizoingia na miwa, zikazaana, zikatawala.

Mmoja wa wageni hao alitengwa mwaka 1994 katika kiwanda cha Usina da Pedra, mjini Serrana, akapewa jina PE-2. Ndiye anayefaa kuchambuliwa na yeyote anayetaka hamira isiyolegea mbele ya joto, asidi na pombe, kwa sababu ustahimilivu wake haukutengenezwa na mtu.

Tangi linavyoitesa hamira

Mtambo wenyewe ni wa mbinu iliyotokea Melle, Ufaransa, katika miaka ya 1930, na ambayo Wabrazili waliipanua sana baada ya mpango wa taifa wa pombe ya magari, Proálcool, kuanzishwa mwaka 1975. Tangi hujazwa kwanza uji wa hamira kiasi cha robo hadi asilimia 30 ya ujazo. Kisha maji ya miwa, molasi iliyoyeyushwa, au mchanganyiko wa vyote viwili huingizwa polepole kwa saa 4 hadi 6. Hamira ni nyingi mno, takribani kilo 10 za hamira mbichi kwa kila lita 100, kwa hiyo kazi huisha ndani ya saa 6 hadi 12. Bia huchukua siku kadhaa.

Pombe ikifika asilimia 8 hadi 11, yote hupitishwa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi na kutenganisha hamira na maji. Maji ya pombe huenda kwenye mnara wa kukenekea. Hamira, zaidi ya asilimia 90 yake, hurudi. Kabla ya kutumika tena huzimuliwa kwa maji na kutiwa asidi ya salfuriki hadi pH (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi ni kali zaidi) iwe kati ya 1.8 na 2.5, ikorogwe humo saa 1 hadi 3 ili bakteria wapungue. Halafu tangi linalofuata. Mzunguko huu hurudiwa hata mara mbili kwa siku, kwa zaidi ya siku 200.

Hebu itazame seli moja inavyopita humo. Inatoka kwenye asidi inayokaribia ukali wa ndimu au kuuzidi. Inadondokea kwenye sukari inayovuta maji kutoka ndani yake. Sukari ya miwa ni sukrosi, na kimeng'enya cha hamira chenyewe huivunja nje ya seli kuwa glukosi na fruktosi. Molekuli moja inakuwa mbili, na mvuto wa maji unaongezeka. Molasi inaleta chumvi, hasa potasiamu, na salfaiti ikiwa kiwanda cha sukari kilitumia salfa kusafisha maji ya miwa. Udongo wenye asidi unaleta alumini. Kisha pombe inaanza kupanda, na joto nalo.

Hilo la joto hudharauliwa, kwa hiyo tulipigie hesabu. Kila kilo ya sukari inayochachuka hutoa joto la zaidi ya kilojuli 500. Mchanganyiko wenye gramu 200 za sukari kwa lita, usipopoozwa hata kidogo, ungepanda kama digrii 25. Ukianza na digrii 30, hamira itakufa kabla haijamaliza kazi. Viwanda hulenga digrii 32 hadi 35, lakini siku za jua kali, maji ya kupoozea yanapokuwa ya uvuguvugu, tangi hugusa 38 hadi 40.

Dhiki hizi hazijumlishwi; zinazidishana. Pombe hulegeza utando wa seli. Utando ukilegea, haidrojeni ya asidi huvuja kuingia ndani. Seli huitoa kwa pampu iliyo kwenye utando huo, na pampu hula nishati ambayo ingetumika kuzaa au kujikarabati. Joto likipanda, utando unalegea zaidi na pampu inalemewa. Bakteria wakiwa wengi, asidi yao ya laktiki nayo hupenya na kuongeza mzigo uleule. Ndiyo maana hamira inayovumilia digrii 38 bila pombe inaweza kuanguka kwa digrii 35 pombe ikiwa asilimia 10. Mtu akikwambia mbegu yake "inastahimili digrii 40", muulize kwanza: kwa pombe asilimia ngapi, na pH ngapi?

Asilimia moja ni lita ngapi

Chukua tangi la lita 500,000. Uji wa hamira ni lita 150,000, na lita 350,000 ni mchanganyiko wenye gramu 200 za sukari kwa lita. Hiyo ni sukari kilo 70,000. Kikemia, gramu 100 za glukosi haziwezi kutoa zaidi ya gramu 51.1 za ethanoli, kwa hiyo kikomo ni kilo 35,770. Kiwanda kizuri hupata takribani asilimia 91 ya kikomo hicho: kilo 32,550, yaani lita 41,250 hivi.

Sasa ongeza au punguza asilimia moja tu ya ufanisi. Ni lita 453 kwa kila ujazo. Kwa mijazo miwili kwa siku, siku 200, tangi moja linapata au kupoteza lita 181,000. Hakuna mashine ya kununua inayoleta tofauti hiyo kwa bei ya kuchunga hamira.

Sukari isiyogeuka pombe huenda wapi? Sehemu hujenga mwili wa hamira mpya, na sehemu huwa gliseroli. Hamira hutengeneza gliseroli hasa inapobanwa na sukari nyingi au chumvi, ili maji yasiikimbie, na pia inapobidi kusawazisha kemia yake ya ndani pasipo hewa. Karibu kila gramu ya gliseroli ni gramu ya sukari iliyopotea. Hapa ndipo mkanganyiko wa uteuzi ulipo: kujikinga kuna gharama, na mbegu inayojikinga kwa gliseroli nyingi itaishi vizuri huku ikimtia hasara mwenye kiwanda. PE-2 ilipendwa kwa sababu hutoa gliseroli kidogo kuliko hamira ya mikate, na kinga yake hutegemea zaidi trehalosi, sukari ya akiba inayokaa ndani ya seli na kushikilia utando na protini zisiharibike.

Ungo wa uteuzi

Chombo kilichofungua macho kilikuwa umeme. DNA ya hamira huwekwa kwenye jeli, kisha umeme hupitishwa kwa kubadilishwabadilishwa mwelekeo, nazo kromosomu hutengana kwa ukubwa na kuacha mistari. Mistari ya PE-2 si ya hamira ya mikate wala ya mgeni mwingine. Ni kama alama za vidole. Kampuni ya Fermentec ya Piracicaba, pamoja na watafiti wa chuo cha kilimo cha ESALQ akiwemo Luiz Carlos Basso, walifuatilia matangi ya viwanda vingi kwa miaka mingi kwa njia hii, msimu hata msimu.

Kuona aliyetawala hakukutosha. Hamira pori nyingi zinazoshinda tangini ni balaa. Kuna zinazotoa povu hadi linafurika juu ya tangi, na dawa ya kuzuia povu ni gharama ya kila siku. Nyingine hushikana mabonge: sentrifuji hushindwa kuzitenganisha vizuri, nozeli huziba, na seli zilizo katikati ya bonge hazifikiwi na sukari. Nyingine huacha sukari mwishoni au huvuta muda. Kwa mgeni mwenye nguvu, kuishi ni jambo moja na kufaa ni jingine, na waliofaulu yote mawili walikuwa wachache sana.

Jaribio la kuwapima linaweza kufanywa na maabara yoyote yenye sentrifuji ndogo na mzani mzuri, na tunaliona kuwa bora kuliko kuotesha hamira kwenye sahani yenye pombe. Weka gramu 3 za hamira mbichi kwenye mrija wa mililita 50. Lisha mililita 20 hivi za molasi halisi ya kiwanda iliyozimuliwa, kwa awamu tatu zilizoachana saa moja na nusu, kwenye joto lilelile la tangi. Pima uzito wa mrija kila baada ya saa moja, mfuniko ukiwa umelegezwa. Uzito unaopotea ni kabonidioksidi: gramu 100 za sukari hutoa gramu 48.9 kwa kikomo, basi mrija wenye gramu 4 za sukari ukipoteza gramu 1.8 uko karibu na asilimia 92. Uzito ukiacha kushuka, kazi imeisha. Zungusha, mwaga pombe kwa ajili ya vipimo, zimua hamira, tia asidi hadi pH 2.5 kwa saa moja, lisha tena.

Mzunguko wa kwanza hausemi kitu. Hamira ya mikate hufanya vizuri humo, wakati mwingine kuliko PE-2. Tofauti huanza kuonekana mzunguko wa tatu au wa nne: seli hai zinapungua, trehalosi inapungua, kilele cha kutoa gesi kinachelewa. Anayepima mara moja atachagua mbegu isiyofaa, na kosa hili ndilo lililoua mbegu nyingi nzuri za maabara zilipopelekwa kiwandani.

Kilichokutwa ndani ya jeni

Mwaka 2009 mpangilio wa jeni wa mbegu iliyotokana na PE-2 ulichapishwa na kundi la Juan Lucas Argueso. Ilionekana kuwa na seti mbili za kromosomu zinazotofautiana sana baina yake, huku ncha za kromosomu zikiwa zimepangwapangwa upya. Katika ncha hizo, utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulioongozwa na Boris Stambuk ulikuta nakala za ziada za jeni za familia ya SNO na SNZ, zinazohusika na kutengeneza vitamini B6 na B1, katika mbegu tano za viwandani, zikiwemo PE-2 na CAT-1 iliyotengwa Catanduva.

Vitamini zinahusianaje na dhiki? Hamira ya kawaida ikikuta vitamini B1 nje, huzima jeni hizo, na kwa kuzizima hujikuta na upungufu wa B6. Penye sukari nyingi upungufu huo huifanya ijikokote. Mwenye nakala za ziada haathiriki sana. Anawahi kuchipua, na katika tangi ambalo kila mzunguko hamira huongezeka kwa asilimia 5 hadi 10 tu, anayewahi kuchipua ndiye anayerithi tangi. Hapakuwa na jeni moja la "ushujaa".

Mwezi Oktoba 2014 zilichapishwa kazi mbili zilizokwenda njia nyingine. Moja, ya taasisi ya teknolojia ya Massachusetts (MIT), Marekani, ilionyesha kwamba kuongeza potasiamu na kupunguza ukali wa asidi kwenye chakula cha hamira kunaifanya ihimili pombe zaidi, na kwamba kuimarisha pampu za potasiamu na haidrojeni kwenye utando kunaleta matokeo ya namna hiyo. Nyingine, ya Chuo cha Chalmers, Uswidi, ilizoesha hamira joto la karibu digrii 40 kwa vizazi mamia, ikakuta mabadiliko kwenye jeni ERG3: badala ya ergosteroli, aina ya mafuta inayoimarisha utando wa hamira, utando ulijengwa kwa steroli nyingine, yaani mafuta ya jamii hiyohiyo. Hamira hizo zilistawi kwenye joto, lakini kwenye joto la kawaida zilizidiwa na mababu zao. Bei ya ustahimilivu ni hiyo tena.

Ya kwanza imewapotosha baadhi ya watu. Molasi tayari imejaa potasiamu. Kuongeza kloridi ya potasiamu kwenye tangi la molasi ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Gliseroli itapanda na faida hutaiona. Matokeo yale yanafaa kwa chakula kilicho maskini wa potasiamu.

Mbegu nzuri, mikono mibaya

Kiwanda kikishapata PE-2, bado kinaweza kuipoteza katikati ya msimu. Kosa linalotokea mara nyingi ni kwenye asidi. Asidi ikimiminwa kwa haraka kwenye uji mzito, sehemu inapotua pH hushuka chini ya 1.5 kabla mkorogo haujaifikisha kwingine, na seli za hapo hufa ingawa kipima cha mwisho kitasoma 2.5 safi. Zimua kwanza kwa maji sawa na ujazo wa uji, ili pombe iliyobaki nayo ishuke, maana pombe na asidi pamoja huua hamira kabla ya kuua bakteria. Washa mkorogo, kisha tia asidi kwa mkondo mwembamba. Na pH 1.8 isiwe ya kila siku. Iwekwe akiba kwa siku ambazo bakteria wamevuka milioni 10 kwa mililita.

Kosa la pili ni kuiacha hamira ikingoja. Mnara ukiharibika, sentrifuji hutenganisha uji na kuuacha tangini saa 8 au 10 kwenye digrii 33 bila sukari. Hamira haikai bure. Inakula akiba yake ya trehalosi. Ikirudishwa kazini haina ngao, na vifo hutokea mzunguko unaofuata, wakati mafundi wameshasahau kuharibika kwa mnara na wanatafuta lawama kwenye molasi. Ikibidi ingoje, ipoozwe kadiri mtambo unavyoruhusu, isitiwe asidi hadi saa moja kabla ya kulishwa.

Kulisha kwa pupa ni la tatu. Sukari yote ikiingia ndani ya saa mbili, joto linapanda kuliko kipoozeo kinavyoweza kuondoa. Fuata brix, kipimo cha sukari, ndani ya tangi: ikianza kupanda wakati unalisha, sukari inaingia haraka kuliko hamira inavyoila. Punguza pampu.

Alumini ni mjanja zaidi. Kwenye maji ya miwa yenye asidi huwa huru na hupunguza seli hai na trehalosi, bila harufu wala povu la kukushtua. Molasi huifunga, na magnesi huikinga hamira kwa kiasi. Kiwanda kinachotumia maji ya miwa matupu kikiona seli hai zinapungua bila sababu, kichanganye molasi kidogo kabla ya kubadili mbegu.

Yote haya hujulikana mapema kwa hadubini, si kwa kipimo cha pombe. Chota uji, zimua, changanya na bluu ya methilini kwa ujazo sawa, subiri dakika 5. Seli hai huivunja rangi na kubaki nyeupe. Iliyokufa hujaa buluu kama wino. Hesabu seli 400, na umalize kabla ya dakika 10, kwani zilizo hai nazo huanza kuchoka na kushika rangi. Tazama pia chipukizi, yale matone madogo yaliyong'ang'ania ubavuni mwa mama. Seli hai zikiwa asilimia 90 lakini chipukizi hazionekani, kiwanda kinaishi kwa mtaji: hamira inayopotea kwenye sentrifuji hairudishwi na watoto, na baada ya siku kumi utaona uji umekuwa mwepesi.

Nini kinahamishika

Molasi za Muhoroni au Kilombero zinapitia joto la aina hiyo, kwa hiyo ungo wa uteuzi unahamishika mzimamzima. Kuosha kwa asidi hakuhamishiki kwa kila mtu. Kiwanda kinachoanza na hamira mpya kila tangi, au mtengenezaji wa divai ya ndizi, hana sababu ya kuitesa hamira yake kwa pH 2.5, anachohitaji ni joto lisivuke digrii 32 na chakula cha naitrojeni. Na hatakutana na mgeni kama PE-2, kwa sababu matangi yanayooshwa hadi mwisho hayana kumbukumbu. Si hivyo kwa mpika pombe ya kienyeji anayeacha mashapo ya jana yawe kianzio cha leo: hamira yake inazoea mtungi wake, kwa heri au kwa shari.

PE-2 yenyewe haidumu popote inapopelekwa. Kuna viwanda ambako mgeni mwingine huiondoa, na fundi anapoiona mistari mipya kwenye jeli huwa na haraka ya kulitoa tangi lote na kuanza upya. Asubiri kwanza. Apime povu, mabonge, sukari inayobaki na gliseroli kwa mizunguko sita kwenye mirija. Mgeni akishindwa kimojawapo, atolewe mapema kabla hajazidi nusu ya tangi. Akifaulu vyote, achukuliwe kwenye sahani, aoteshwe kutoka kundi moja, agawanywe kwenye vijichupa vyenye gliseroli asilimia 20 na kugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, vikiandikwa tarehe na namba ya tangi, ili msimu ujao uanze naye.